Mlango wa Kufunga na Meza ya Kusemea

Arusha ilijua kiboko kabla haijajua mshahara. Boma la Wajerumani, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilikamilika mwaka 1900, na waliobeba mawe yake hawakuiomba kazi hiyo. Miaka minne kabla yake, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Meru. Kapteni Kurt Johannes akatoka Moshi na askari wake kuja kulipiza: nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa. Machi 1900 viongozi wa Waarusha na Wameru walinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli. Waliosalia walipangwa mstari kumjengea nyumba yule yule aliyewashinda. Aliyezembea alipigwa, na kipigo kilikuwa na hesabu yake: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano kwa mara moja, kama kanuni za koloni zilivyoruhusu.

Naanzia hapo kwa makusudi. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilifanya kazi katika zahanati ya kiwanda kimoja cha eneo la Themi tangu ujana wangu hadi kiwanda kilipofungwa, na sasa naishi Njiro, kata ya Engutoto, si mbali na mageti niliyokuwa nikiyapita kila asubuhi. Siku hizi vijana wa rasilimali watu hunialika niwaambie wafanyakazi wao maneno mawili matatu kuhusu afya ya akili kazini. Wanakuja na projekta, na historia yao huanza mwaka 2022, pale Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalipotoa mwongozo na kutangaza kwamba sonona na wasiwasi vinaigharimu dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka. Sina ugomvi na takwimu hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba inamfanya mfanyakazi wa Arusha aonekane ameanza kuumia juzi. Ameumia kwa zaidi ya karne, na katika muda huo yamejaribiwa mambo mengi. Mengine yalisaidia kweli, tukayaacha yapotee.

Baada ya kiboko, au tuseme bega kwa bega nacho, ilikuja kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Mwenye kibanda alitakiwa alete fedha, na fedha ilikuwa mikononi mwa mlowezi. Walowezi nao walikuwa wakijitwalia ardhi ya chini ya mlima: Wajerumani, Makaburu waliokuja kutoka Afrika Kusini miaka ya 1904 na 1905, kisha Wagiriki na Waingereza. Kahawa yao ilitaka mikono mingi. Waarusha wengi waliokuwa na migomba na ng'ombe wao hawakuona sababu ya kumchumia mtu mwingine kahawa, hivyo mashamba yakajazwa vibarua wa mbali, wengi wao kutoka Kondoa na Singida, watu waliolala kwenye makambi bila mama, bila mke, bila jirani wa kuwajulia hali.

Zama za Waingereza kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini. Kila jioni nyapara aliweka alama kwa aliyemaliza ngwe yake. Alipoona ngwe haikutimia hakuweka kitu, na jasho la siku hiyo likawa la bure. Mshahara ulitoka kadi ikijaa. Fikiria maana yake kwa mtu mwenye homa, au mtu aliyepata habari ya msiba kwao Kondoa: siku yake ya majonzi haikuandikwa popote. Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Meja Orde-Browne, akapewa jukumu la kukagua makambi, maji, chakula na matibabu ya vibarua. Mdororo wa uchumi ulipobisha hodi, idara ikafungwa mwaka 1931, ikabidi miaka ipite kabla haijafufuliwa. Bajeti ilipobana, ofisi ya kumwangalia mfanyakazi ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukatwa. Tabia hiyo haijafa.

Wakati huohuo, huku mlimani, watu walikuwa na chombo chao. P. H. Gulliver, mtaalamu wa mila aliyeishi na Waarusha miaka ya 1950, alichapisha kitabu mwaka 1963 kuhusu namna walivyomaliza magomvi yao. Mwenye jambo hakukimbilia kwanza kwa hakimu. Alikaa na watu wa rika lake na wa ukoo wake, msemaji wao akalitoa jambo, upande wa pili ukajibu, wakazungumza hata siku kadhaa mpaka wakubaliane. Hakuna aliyeamrisha. Nilipoingia kiwandani nilimkuta mlinzi wa geti, mzee wa Kiarusha kutoka Oldonyosambu, akifanya hivyohivyo kwenye banda la chai. Mafundi wawili wakigombana juu ya spana, saa nne walikuwa kwa mzee. Alikuwa hajui kusoma, lakini mameneja wawili watatu niliowaona wakipita pale walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkaguzi wa mahesabu, maana lililofika kwenye banda lake lilijulikana kiwanda kizima kabla ya mchana.

Serikali huru ilikuja na mambo mawili kwa mkupuo, moja la kutoa na moja la kunyang'anya. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoundwa mwaka 1955 Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza, lilivunjwa mwaka 1964 baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, na mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja chini ya kivuli cha serikali. Hapo mfanyakazi alipoteza chama chake huru. Lakini mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kulinda ajira iliyoleta kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Kabla yake bosi aliweza kukufukuza kwa kukunyooshea kidole. Sasa makosa yaliorodheshwa, adhabu zikaorodheshwa, na kabla ya adhabu kubwa kamati ilitakiwa kusikilizwa. Miaka sita baadaye, waraka wa kwanza wa Rais wa mwaka 1970 ukaongeza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma.

Kisha ukaja Mwongozo wa TANU, Februari 1971. Wazee wenzangu wa viwandani wanaikumbuka ibara ya kumi na tano hata kama wamesahau siku zao za kuzaliwa. Ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliichukua wakaenda nayo kazini. Ilifuata migomo mingi, hasa Dar es Salaam, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel walifikia hatua ya kujitwalia kiwanda. Issa Shivji aliyachambua hayo katika kitabu chake cha mwaka 1976. Jambo linalonigusa mimi kama muuguzi ni sababu za migomo ile. Nyingi za mwanzo hazikuwa mshahara. Zilikuwa matusi ya meneja, kupekuliwa getini kwa kudhalilishwa, kuitwa kwa majina ya wanyama. Mtu alizima mashine kwa sababu amevunjiwa heshima, na hakuhitaji daktari amwambie kwamba dharau inaumiza.

Arusha ya wakati ule ilikuwa inapanuka kwa kasi. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa hapa mwaka 1967, na mwaka huohuo mji ukawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. General Tyre ilianza kutoa matairi mwaka 1971. Kiltex ilikuwa ikifuma nguo, Philips ikiunda redio, na kulikuwa na kiwanda kilichotengeneza viko vya kuvutia tumbaku kwa jiwe jeupe, vikauzwa hadi Ulaya. Vijana walitoka Singida, Babati, Same na Rombo wakapanga vyumba Unga Limited, Kaloleni na Ngarenaro. Mimi mwenyewe nilipanga Levolosi, chumba kimoja na muuguzi mwenzangu.

Zahanati yetu ilikuwa na vyumba viwili, kitanda, mizani, jiko la kuchemshia sindano na daftari la wagonjwa. Daftari lilikuwa na safu za tarehe, jina, idara, malalamiko, dawa, na mwisho ED, ile ruhusa ya kutokwenda kazini ambayo kila mfanyakazi wa Tanzania anaijua. Kazi yangu kwa mujibu wa uongozi ilikuwa kuhakikisha ED hazizidi. Kila mwisho wa mwezi afisa utumishi aliomba jumla yake, na sijawahi kumsikia akiuliza kilichowaumiza watu.

Mimi niliuliza, si kwa werevu, bali kwa sababu daftari lilianza kunisemesha. Idara moja ilileta watu wengi kuliko nyingine zote, na walikuja Jumatatu. Walilalamika tumbo kuwaka moto, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, usingizi kukata. Niliwapa magnesiamu na Panadol. Wiki iliyofuata walikuwa palepale. "Sista, hii dawa yako imechoka," aliniambia fundi mmoja mtu mzima. Nikamjibu, "Baba, labda ugonjwa ndio haujanifikia." Akacheka, akaangalia mlango, akasema, "Ugonjwa wenyewe una funguo za stoo."

Alikuwa na maana ya msimamizi wa zamu. Bwana huyo alipanga zamu za usiku kama adhabu. Aliyemjibu Ijumaa alijikuta usiku wiki tatu mfululizo, na usiku wa Arusha mwezi wa Julai, chini ya bati, si wa mchezo. Nilikwenda kwa kamati ya wafanyakazi na daftari langu. Sikutaja jina la mgonjwa hata mmoja. Niliwasomea safu mbili tu, ya idara na ya tarehe. Kamati ikaenda kwa meneja na ratiba ya zamu mkononi. Mabishano yalikuwa makali. Mwishowe ratiba ikatolewa kwa msimamizi, ikawa inapangwa na watu watatu na kubandikwa ukutani mwezi mmoja kabla. Msimamizi alibaki na funguo zake. Matumbo ya idara ile yakapoa bila mimi kubadilisha dawa.

Nimewasimulia vijana hadithi hii mara nyingi, na wengi huipenda kwa sababu wanadhani inamhusu muuguzi hodari. Inahusu kamati. Bila ya ile meza yenye uwezo wa kubadilisha ratiba, daftari langu lingebaki orodha ya watu dhaifu wa tumbo.

Hata hivyo sitaki kuisifia meza kupita kiasi, kwa maana kuna mambo hayakufika kwake. Kamati yetu ilikuwa ya wanaume. Dada wa kufungasha mizigo aliyekuwa anashikwashikwa na msimamizi asingesimama mbele ya wanaume tisa, mmoja wao shemeji wa msimamizi, akaeleza. Banda la chai la mzee lilikuwa na hekima nyingi bila siri hata moja. Hao dada walikuja zahanati kwa kisingizio cha kupima presha, wakanyamaza, na nikajifunza kufunga mlango kwanza ndipo nipige hodi kwenye moyo wa mtu. Mengine niliyamaliza kwa kumhamishia dada idara nyingine kwa cheti cha mzio wa vumbi. Ulikuwa uongo, lakini siuonei aibu. Yaliyobaki hayakumalizika, na walioumia waliacha kazi wao badala ya waliowaumiza.

Na kulikuwa na ugonjwa mwingine ambao haukusemwa kwenye meza wala nyuma ya mlango, ule wa akili wenyewe. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma ilianza mwaka 1927, na kule Usambara wamisionari wa Kijerumani walikuwa wakiwatunza wagonjwa wa akili Lutindi tangu mwanzoni mwa karne. Hizo ni taasisi zilizookoa watu. Lakini mitaani "atapelekwa Mirembe" ilikuwa tusi la kumalizia ugomvi, kwa hiyo hakuna fundi aliyekubali neno lolote la namna hiyo liingie kwenye faili lake, akijua kwamba faili husomwa siku ya kupandishwa cheo. Nilimwandikia ED kijana aliyekuwa hali, halali na analia akiwa peke yake, nikaandika malaria. Daktari wa wilaya aliyekuja kukagua vitabu alishangaa malaria yetu inavyopenda watu waliofiwa. Alikuwa mtu wa busara, hakusema zaidi. Kwa namna hiyo takwimu za nchi zilikosa kuuona ugonjwa uliokuwa mbele yetu, na tuliouficha ni sisi, kwa nia njema.

Yaliyofanya maisha yapitike yalikuwa madogo na yalipangwa na wafanyakazi wenyewe. Tulikuwa na mfuko wa kufa na kuzikana, ukikatwa kwenye mshahara, na ulisafirisha maiti hadi Singida bila mjane kuomba mtu. Tulikuwa na duka la ushirika, na katika njaa ya bidhaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari na sabuni vilipatikana humo wakati Sokoine Road nzima ilikuwa rafu tupu. Tulikuwa na timu ya mpira na ya netiboli, na Mei Mosi tulivuta kamba Uwanja wa Sheikh Amri Abeid dhidi ya watu wa mashirika mengine, meneja akiwa wa mwisho kwenye kamba kwa sababu ya uzito wake. Dar es Salaam kiwanda cha Urafiki kilikuwa hata na bendi yake ya muziki. Siku hizi watu huyaita mambo hayo burudani. Kwa kijana aliyepanga chumba peke yake Unga Limited, ndiyo yaliyomfanya ajulikane kwa jina.

Kisha vikaja vifo vya kazi zenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Watumishi wake waliokuwa wakipanda lifti za majengo mapya ya pale mjini, ambayo mwaka uliofuata yaligeuzwa kuwa kituo cha mikutano, AICC, walibaki na barua na maswali. Mali za Jumuiya ziligawanywa kwa mkataba wa mwaka 1984, lakini madai ya mafao ya watumishi wa Tanzania yaliendelea mahakamani na barabarani, na hati ya suluhu kati yao na serikali ilisainiwa mwaka 2005. Kijana aliyekuwa karani mwaka 1977 alikuwa babu. Miaka ya 1990 ikaja zamu ya mashirika ya umma kurekebishwa na kuuzwa. Kiltex ikafunga, na mwaka 2009 hata General Tyre ikawa imenyamaza.

Kupunguzwa kazi kulikuwa na utaratibu wa kila mahali: orodha ubaoni, foleni dirishani, bahasha, sahihi, geti. Nilisimama kwenye foleni hiyo na mimi. Kabla yake, katika miezi ya tetesi, daftari la zahanati lilijaa presha kuliko wakati wowote niliokumbuka. Wanaume wa miaka hamsini waliokuwa hawajawahi kuugua walikuja kupimwa mara mbili kwa siku. Kamati ilikuwa imekwisha nguvu. JUWATA, iliyorithi nafasi ya NUTA, ilikuwa imegeuka OTTU na watu walikuwa hawajui nani anamsemea nani. Aliyekuwa na jambo alilimeza. Walioondoka na kiinua mgongo wakajenga Njiro au wakanunua daladala, na waliokosa cha kufanya wakarudi getini kukaa na mlinzi, kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kwenda asubuhi.

Njiro hiyohiyo ilipata wageni wapya mwaka 1995. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeunda mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda Novemba 1994, na Februari 1995 Arusha ikachaguliwa kuwa makao yake. Kesi ya kwanza ilianza Januari 1997 ndani ya majengo ya AICC, na hukumu ya Jean-Paul Akayesu, ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, ikasomwa Septemba 2, 1998. Mpaka mahakama inafungwa mwisho wa 2015, zaidi ya mashahidi 3,000 walikuwa wamesikilizwa. Mji ulizungumza sana juu ya kodi za nyumba zilizopanda na magari meupe. Ulizungumza kidogo juu ya kazi yenyewe.

Nilikuwa na mpangaji katika nyumba yangu ya uani, dada aliyefanya kazi ya kuandika kumbukumbu za mashauri. Hakunisimulia kesi hata moja, na sikumuuliza. Nilichokiona ni kwamba alipofika jioni alibaki ndani ya gari akiwa amezima injini, hata siku zisizo na mvua, kabla hajaingia. Baadaye nikaelewa kutokana na wakalimani waliosali nasi kanisani. Shahidi alisema neno kwa Kinyarwanda, mkalimani mmoja akaligeuza kuwa Kifaransa, mwingine akalichukua kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na kila mmoja kwa kanuni ya kazi yake alisema "mimi". Mimi niliwaona wakija. Mimi nilijificha kwenye mtama. Siku nzima mtu anayasema kwa kinywa chake mambo yaliyompata mwingine, kisha anapita soko la Kilombero kununua nyanya. Mahakama ilikuwa na kitengo cha kuwalinda na kuwasaidia mashahidi, na ilistahili. Dunia ilichelewa zaidi kutambua kwamba hata anayesikiliza kwa mshahara anaumia. Ni mwaka 2010 ndipo Shirika la Kazi Duniani lilipoingiza magonjwa ya akili, pamoja na yale yanayotokana na matukio ya kutisha, katika orodha yake ya magonjwa yanayosababishwa na kazi.

Yule dada alipata nafuu kwa njia mbili. Alizungumza na mtaalamu, faragha. Na yeye na wenzake walikaa kila Alhamisi, watu wa kazi ileile, chakula mezani, mtu akitaka anyamaze na akitaka aseme. Nilipika ugali wa mikutano ile. Nikaona mambo yaleyale mawili ya kiwandani yamerudi katika nyumba yangu: mlango unaofungwa, na wenzako wanaokaa pamoja.

Leo sheria iko upande wetu kuliko wakati wowote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, na likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Sijaona humo mstari unaotaka ugonjwa uwe wa mguu au wa tumbo. Sheria hiyohiyo inamhesabu kuwa ameachishwa kazi yule aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri aliifanya kazi isivumilike. Fundi wangu wa Jumatatu angelipenda hilo sana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, ya Afya ya Akili tangu 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unafanya kazi tangu 2015. Wanaosimamia mashamba ya maua ya Usa River, hoteli za mjini na kampuni za utalii hawawezi kusema hakuna pa kuanzia. Na baada ya korona ya mwaka 2020, pale ndege zilipoacha kutua na madereva wa watalii wakakaa nyumbani bila mshahara miezi na miezi, hakuna anayeweza kusema hajui wasiwasi wa kazi unavyoingia mpaka chumbani.

Kinachonisumbua ni sura ya msaada wenyewe. Nikialikwa nakuta bonanza la Jumamosi, fulana za rangi moja, mkufunzi wa kuvuta pumzi, na bango la namba ya simu ya ushauri nasaha. Havina ubaya, tulivuta kamba sisi, tukafurahi. Lakini vyote vinamwendea mfanyakazi na kumwambia ajirekebishe yeye. Ratiba ya zamu haiguswi. Yule mwenye funguo za stoo amevaa fulana kama wengine na yuko mstari wa mbele akivuta pumzi. Mlango wa kufunga umerudi, tena bora kuliko wangu wa zahanati, una mtaalamu aliyesomea. Meza ndiyo haijarudi. Tawi la chama cha wafanyakazi likiwapo, hukutana siku ya nyongeza ya mishahara, na wawakilishi wa usalama na afya huulizwa habari za helmeti na vizima moto.

Kwa hiyo nimeacha kutoa hotuba ya maneno mawili matatu. Kabla ya kukubali mwaliko namwomba afisa rasilimali watu anionyeshe vitu viwili. Cha kwanza ni chumba ambamo mfanyakazi anaweza kusema bila kusikiwa na bila jambo lake kuingia kwenye faili la vyeo. Cha pili ni kumbukumbu za kikao chochote cha mwaka huu ambapo lalamiko la wafanyakazi lilibadilisha ratiba, lengo la mauzo au msimamizi. Chumba huwa nacho wengi. Kumbukumbu alinionyesha mmoja tu, wa hoteli moja ndogo, kurasa nne zilizoandikwa kwa mkono na wapishi. Kwake nilikwenda, na sikuwa na la kuwafundisha. Nilikaa nikawauliza walivyofanya, nikaandika.